Kabla ya Kujirusha, Uliza Utatokea Wapi

Kata ya Kiloleli, wilayani Busega, haina maporomoko ya maji. Simiyu kwa jumla si mkoa wa maporomoko. Ni nchi ya pamba, ng'ombe, malambo na mito inayokauka. Mto Simiyu wenyewe, ulioupa mkoa jina ulipoanzishwa mwaka 2012, hufurika wakati wa mvua, kisha kiangazi kikikolea hubaki mchanga na vidimbwi. Msomaji wa Kiloleli ana haki ya kuuliza: habari za kujirusha kutoka kwenye genge hadi bwawa la maporomoko zinanihusu nini?

Zinamhusu kwa sababu Busega ndiyo wilaya pekee ya mkoa huo inayogusa Ziwa Victoria, na mtoto aliyekulia jirani na ziwa hujifunza kujitosa majini akiwa bado mdogo. Hujirusha kutoka juu ya jabali, kutoka ukingo wa mtumbwi, kutoka tuta la lambo wakati ng'ombe wanakunywa. Anakua akiwa hana hofu na maji. Kisha siku moja, akiwa mwanafunzi wa chuo Moshi au fundi aliyefuata kazi Morogoro, rafiki zake wanamwalika Jumapili kwenda kutazama maporomoko. Anafika, anaona bwawa la kijani chini ya ukuta wa mawe, anaona vijana wamesimama juu ya mwamba wakihesabu moja, mbili, tatu. Naye anavua shati.

Ujuzi wake wa ziwani, aliouamini miaka yote, hapo unaweza kuwa mtego.

Bwawa la maporomoko si ziwa dogo. Maji yanayoanguka huchimba: yanapotua huzungusha mawe na kokoto, yakafukua shimo. Shimo hilo huwa refu zaidi pale maji yanapopiga au mbele yake kidogo, na baada ya hapo sakafu hupanda, wakati mwingine kwa ghafla, kuelekea mahali mto unapoendelea na safari. Aliyesimama juu haoni umbo hilo. Anaona rangi tu, na rangi haisemi kweli sikuzote: maji maangavu hufanya sakafu ionekane karibu kuliko ilivyo, na maji ya tope huficha kila kitu. Isitoshe, mawe yanayobanduka kwenye genge hayaendi mbali. Yanalala humohumo bwawani. Gogo lililoletwa na mafuriko linaweza kukwama wima kati ya miamba, ncha yake ikiwa nusu mita tu chini ya uso wa maji, na hakuna atakayeliona hadi alipige.

Povu ndilo linalodanganya zaidi. Wengi hulichukulia kama godoro, na upo ukweli kidogo ndani yake, kwa kuwa maji yaliyochanganyika na hewa ni mepesi na kishindo chake hupungua. Lakini wepesi huohuo humnyima mwogeleaji kitu cha kusukuma. Maji yenye mapovu hayamwinui mtu kama alivyozoea. Anazama zaidi, na akipiga mikono ni kama anapiga hewa. Tena, karibu na mahali maji yanapotua, mkondo wa juu mara nyingi hurudi nyuma kuelekea kwenye maporomoko. Mtu anaibuka, anaogelea kutoka, anajikuta amerudishwa palepale anapotwangwa na maji. Nguvu za kifua, ambazo ziwani zingemvusha, humwishia hapo.

Sasa urefu. Anayejirusha kutoka mita 3 hufika majini akiwa na mwendo wa kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 ni kilomita 36, na anakuwa hewani kwa sekunde moja kamili. Kutoka mita 10 ni kilomita 50 kwa saa, mwendo wa gari linalopita katikati ya kijiji. Kwa mwendo huo maji hayapokei mwili kwa upole: anayetua kwa tumbo au kwa mgongo anaweza kuumia viungo vya ndani hata kama kina kilikuwa kinatosha. Na kina chenyewe si kidogo: kwenye mabwawa ya mashindano, chini ya jukwaa la mita 10, maji huwa na kina cha mita 5 hivi. Katika mashindano ya dunia ya kuruka kutoka juu sana, yaliyoanza rasmi Barcelona mwaka 2013, wanaume hurukia mita 27 na wanawake mita 20. Wote hao, ambao ni mabingwa, hutua kwa miguu, si kwa kichwa, na waokoaji huwa wamekwisha kuingia majini wakiwasubiri.

Kuna kisa kimoja kinachofaa kuwekwa mbele ya kila kijana anayependa sifa. Mwaka 2015, huko Maggia nchini Uswisi, Laso Schaller alijirusha kutoka mita 58.8 hadi kwenye bwawa la maporomoko. Hakufika asubuhi akaruka mchana. Jukwaa lilijengwa, bwawa likachunguzwa, na wapiga mbizi wakawekwa tayari. Aliingia majini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 120 kwa saa, na pamoja na maandalizi yote hayo alitoka ameumia nyonga. Watu husimulia zile mita 58.8. Maandalizi hayasimuliwi, kwa sababu hayapendezi kwenye video.

Kupima bwawa hakuhitaji mitambo ya Uswisi. Mabaharia wa pwani wana bildi, kamba yenye risasi nzito mwishoni. Mvuvi wa Busega atafunga jiwe kwenye kamba na kupata jibu lilelile. Piga fundo kila mita moja. Tosa, hesabu mafundo, sogea hatua moja, tosa tena. Kosa la wengi ni kupima mahali pamoja tu, pale wanapotaka kutua, ilhali mtu anayeruka kutoka mita 5 hatui kama jiwe. Anaweza kwenda mbele mita moja au mbili, au akateleza mwishoni akadondokea karibu na ukuta kuliko alivyokusudia. Eneo lote hilo linatakiwa liwe salama. Baada ya kamba, aingie mtu mmoja anayeogelea vizuri, taratibu kutoka ukingoni, miguu ikitangulia, akapapase sakafu akitafuta mawe na magogo. Kama kamba haikutosha kuwaridhisha, au maji ni ya tope hata mkono hauonekani, basi siku hiyo ni ya kupiga picha.

Wenye mazoea ya kuruka mbele ya watu wanajua kwamba maji ya jana si ya leo. Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, vijana hupiga makachu kila jioni: wanakimbia kwenye ukuta wa bahari, wanapinduka hewani, wanaingia majini huku wageni wakishangilia. Anayewatazama huona sarakasi. Asichokiona ni kwamba bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa karibu mita nne wakati wa bamvu, hivyo ukuta uleule unaofaa maji yakiwa yamejaa unaweza kuwa wa hatari saa chache baadaye yakishakupwa. Mpiga makachu anajua saa ya maji kama anavyojua saa ya swala. Mgeni anayemwiga anajua saa ya hoteli yake tu.

Ziwani hakuna bamvu, lakini Ziwa Victoria nalo lina mwendo wake, ila ni wa miaka badala ya saa. Mwaka 2006 lilishuka sana. Mei 2020 likapanda hadi kuvunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, likameza fukwe, magati na mashamba ya kandokando. Tofauti kati ya miaka hiyo miwili ni zaidi ya mita mbili. Jabali ambalo kaka mkubwa alijirushia akiwa shule ya msingi, mdogo wake analikuta na kina kingine kabisa, na mawe yaliyokuwa nchi kavu sasa yamejificha chini ya maji. Huko mitoni mambo hubadilika haraka zaidi: gharika moja ya usiku inatosha kujaza mchanga kwenye kidimbwi kilichokuwa na kina cha mita tatu. Mtu wa Simiyu, aliyezoea mito ya mchanga, hahitaji kuambiwa hilo mara mbili.

Ndiyo maana ile kauli ya "hapa watu wanaruka kila siku" haina uzito inaoonekana kuwa nao. Nani aliruka, wiki gani, kutoka jiwe lipi, baada ya mvua ipi? Karibu na Thika nchini Kenya, kwenye maporomoko ya Fourteen Falls ya Mto Athi, vijana wa pale hujirusha mbele ya wageni kwa malipo. Wanafanya hivyo mahali wanapopajua tangu utotoni. Wanajua pia, kuliko wageni, kwamba Athi hupokea maji machafu kutoka Nairobi, na kwamba kumeza funda moja la maji hayo kunaweza kumletea mtu maradhi. Kumwona mwenyeji akifanya jambo ni kuona sehemu ya mwisho ya elimu ndefu.

Elimu hiyo hupatikana kwa kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake. Anayefika na spika begani akitafuta mwamba wa kurukia hatapata habari. Anayesimama kwanza, akasema "Shikamoo mzee," akaeleza ametoka wapi na amekuja kufanya nini, huenda akasikia kwamba mwaka juzi mwanafunzi alitolewa kwenye bwawa hilohilo, au kwamba jiwe la kushoto huteleza hata kiangazi. Wa kuulizwa ni wale wanaoyaona maji kila siku: akina mama wanaofua, watoto wanaochunga, wavuvi. Mwenye duka la barabarani huenda hajashuka korongoni miaka kumi.

Wenyeji waulizwe pia kuhusu matambiko. Maporomoko mengi ya Afrika Mashariki yana wenyewe, walio hai na waliotangulia. Bujagali, kwenye Mto Nile karibu na Jinja, yaliheshimiwa na Wasoga kama makao ya mzimu kabla hayajafunikwa na maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012. Huko ndiko vijana walikokuwa wakijitupa kwenye maji yanayofoka huku wamekumbatia dumu la plastiki, watalii wakitoa fedha. Dumu hilo litarudi mbele katika makala haya, kwa kazi ya heshima zaidi.

Hatari inayowashangaza wengi haiko bwawani, iko juu, mbali, mahali wasipopaona. Mvua ikinyesha milimani, korongo linaweza kujaa wakati juu ya vichwa vya waogeleaji jua linawaka. Aprili 2012, katika korongo la Ol Njorowa ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, vijana saba wa kikundi cha kanisa walichukuliwa na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 mafuriko yaliua watu tena katika korongo hilohilo, likafungwa kwa wageni. Mchungaji wa Simiyu, aliyewahi kuuona mto mkavu ukishuka na ukuta wa maji ya kahawia pasipo tone la mvua kijijini, angewaeleza vizuri zaidi kuliko kibao chochote. Dalili hazifichiki kwa anayetazama: maji maangavu yanaanza kuwa ya tope, majani na vijiti vinaelea kwa wingi, mngurumo unabadilika, jiwe mlilokalia linaanza kulowa. Ikionekana mojawapo, kila mtu apande juu. Viatu na simu viachwe.

Imebaki sasa ile hoja ambayo vijana huisahau karibu kila mara: kutoka. Njia ya kupanda juu ya mwamba huwa wazi kwa sababu kila mtu anaitafuta. Njia ya kutoka majini hutafutwa na mtu aliyekwisha kulowa, amechoka na anatetemeka, nayo mara nyingi ni mwamba wenye utelezi ulioinama, usio na pa kushika. Maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro, kama yale ya maporomoko ya Materuni, ni ya baridi kwelikweli. Mtu aliyezoea maji ya vuguvugu ya ziwani akitumbukia humo ghafla hushtuka, akavuta pumzi bila kutaka, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Katika dakika ya kwanza hana uwezo wa kupanga lolote. Njia lazima iwe imepangwa kabla. Kwa hiyo mwogeleaji mwenye busara huingia majini kwanza kupitia mahali anapokusudia kutokea, anatoka hapohapo mara mbili au tatu, anauzoea ubaridi, ndipo anapanda juu. Asipoweza kutoka kwa urahisi akiwa mzima, hataweza akiwa amepatwa na kizunguzungu.

Kufika pia ni sehemu ya usalama, ingawa wengi huona ni suala la kiingilio tu. Safari ya Materuni huanzia kijijini, huko Uru, juu ya Moshi, kwa njia inayopita kwenye migomba na kahawa, na wageni hutembea na mwongozaji wa pale. Sanje, yenye maporomoko ya jumla ya mita 170 hivi, iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na anayekwenda huko anapita kwanza kwa watu wa TANAPA. Kwingine bwawa liko kwenye ardhi ya kijiji, na ofisi ya mtendaji ndiyo mlango. Ada hiyo ndogo hulalamikiwa sana. Lakini mtu aliyejiandikisha getini ana watu wanaojua kwamba yuko chini, na mwongozaji anayelipwa ndiye atakayekimbia kuita msaada na ndiye anayeijua njia fupi. Wanaopita vichochoroni kukwepa kulipa hukwepa na hilo.

Hesabu yake ni rahisi. Kama mteremko wa kwenda bwawani huchukua dakika arobaini kwa mtu mwenye miguu miwili mizima, aliyeumia atapandishwa kwa muda gani, na akina nani, juu ya kitu gani? Gari litamkuta wapi? Kutoka Materuni hospitali ya rufaa ni KCMC. Kutoka Busega ni Bugando, Mwanza. Jumapili jioni, mvua ikiwa imenyesha, barabara ya vumbi inakuwaje?

Maswali haya si ya woga, kwa sababu jeraha kubwa la kuruka ni la shingo. Anayetanguliza kichwa kwenye maji mafupi hupiga sakafu, na uzito wa mwili wote ukamfuata ukaikunja shingo. Uti wa mgongo ukikatika hapo, mikono na miguu haitaamka tena. Wakati mwingine mfupa umevunjika lakini neva bado ni nzima, na kinachozikata ni msaada wa haraka wa marafiki: wanamvuta kwa mkono, wanamkalisha, wanampakia kwenye bodaboda katikati ya wawili. Asifanyiwe hivyo. Aelee chali, mtu mmoja akishika kichwa pande zote mbili kiwe sawa na mgongo, wengine wakikinga maji yasimwingie mdomoni, na atolewe juu ya ubao au mlango akiwa amenyooka. Kama hapumui, kupumua kwanza; shingo itafuata.

Na anayezama je? Rafiki wa kwanza kuruka kumfuata mara nyingi huwa maiti ya pili, kwa kuwa mkondo unaomshika mmoja utamshika na mwingine. Hapa ndipo dumu linaporudi. Dumu tupu la lita 20, lenye kifuniko kilichokazwa na kamba ndefu iliyofungwa kwenye mpini wake, ni boya zuri ambalo kila nyumba ya Kiloleli inalo. Litupwe mbele ya anayezama, alikumbatie, avutwe. Kundi linaloshuka korongoni na muziki, nyama na kreti la soda lakini halina dumu na kamba limepanga sherehe, halikupanga safari. Pombe hata isitajwe. Anayekunywa na arushe mawe.

Neno moja kwa wale watakaobaki nyumbani na ziwa lao. Kwenye maji yaliyotulia ya malambo na kando ya ziwa kuna konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache. Anayeogelea mara kwa mara aende kituo cha afya kupimwa, dawa ipo. Mamba na kiboko hawahitaji maelezo.

Kila mwaka, tangu 2021, tarehe 25 Julai ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia vifo vya kuzama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Walimu wa Busega wanaopanga ziara za wanafunzi wangeweza kuutumia mwezi huo kufundisha kutupa dumu na kushika shingo, masomo mawili yasiyohitaji maabara. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ihifadhi kwenye simu, na mwache mtu mmoja mwenye simu juu, barabarani, kabla hamjashuka, maana huko chini korongoni mtandao mara nyingi haupatikani.